Herufi Nazo Zina Nyayo
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Eliye Springs)

Tumekaa hapa chini ya mikoma, maana jua la leo si la mchezo, na upepo wa ziwani umeshaanza kututupia mchanga machoni. Kwa hiyo tutasema kwa sauti, na ninyi wa nyuma mkiona hamsikii, inueni mkono.

Tuliombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mliposikia mlicheka. Mlisema: "Kutafuta jina la herufi? Kwani herufi si A, B, Ch?" Haya, chekeni, lakini mtusikilize. Jambo hilo ndilo lililofanya shilingi 15,000 za kikundi chetu zibaki kwenye sanduku. Hizo ni fedha za vikapu. Kila mama hapa anajua kikapu kimoja kinakula siku ngapi: kukata majani ya mkoma, kuyaanika, kuyapasua, kuyatia rangi, kusuka, mpaka vidole vinauma. Na wengi wetu tulibaki na vikapu tu baada ya ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 kutumalizia mbuzi.

BARUA ILIYOKUJA

Siku hiyo alikuja mtu kwa pikipiki, amevaa vizuri, mkononi ana bahasha kubwa. Akasema ametumwa na shirika la misaada. Jina la shirika hatutalitaja hapa, maana lilikuwa zuri sana na linafanana na majina ya mashirika ya kweli. Barua ilisema kikundi chetu kimechaguliwa miongoni mwa vikundi vya akina mama wa kando ya ziwa, tupewe shilingi 400,000 za kujenga banda la kusukia na kununulia vifaa. Sharti lilikuwa moja tu: tutume shilingi 15,000 kwa M-Pesa, "za kufungua faili", kabla ya siku saba kwisha.

Tulipouliza shirika lenyewe ni la tangu lini, akatoa cheti. Cheti kizuri, kina mpaka wa maua, kina muhuri wa duara na sahihi ya kalamu ya buluu, na tarehe yake ni Juni 2003. Akasema, "Hiki ndicho chenyewe, si nakala. Kilichapwa siku ileile tuliposajiliwa. Mkitaka kipigeni picha." Tukakipiga. Halafu akaenda zake.

Kikao cha jioni kilikuwa kikali. Wengine walisema tulipe, nafasi kama hii haiji mara mbili. Wengine walisema ngojeni kwanza. Kati yetu yuko mama mmoja ambaye zamani alikuwa karani wa kupiga taipu Lodwar. Alikitazama cheti kwenye simu kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akasema, "Mimi mwaka 2003 nilikuwa ofisini. Herufi hizi hatukuwa nazo." Vijana wakamwambia, "Shosho, herufi ni herufi." Akajibu, "Mbuzi naye ni mbuzi, lakini wewe wa kwako unamjua."

Basi tukakubaliana tusilipe na tusikatae mpaka neno la mama huyo lipimwe.

SURA YA HERUFI NI KITU GANI

Huyo mama alisema kweli. Sisi Waturkana mifugo yetu tunaitia alama kwa chuma cha moto na kwa kukata masikio. Ngamia wa ukoo huu na ngamia wa ukoo ule, wote ni ngamia, lakini mtu anayejua haulizi wa nani. Na anayefuata nyayo mchangani anakuambia huyu aliyepita ni mzito, huyu anachechemea mguu wa kushoto. Herufi za kuchapwa ni vivyo hivyo. Kila kabila la herufi lina mchoraji wake, lina jina, na lina mwaka lilipozaliwa. Mafundi wa kompyuta huliita fonti. Sisi tutasema fonti, maana hilo ndilo neno mtakalolisikia kwenye saiba.

Chukueni gazeti mtazame. Herufi za habari ndogondogo mara nyingi zina vijiguu chini, kama vile zimesimama na viatu. Mfano wake mkubwa ni Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kutumika huko kwanza mwaka 1932. Kwa miaka mingi barua nyingi za ofisi zilizochapwa kwa kompyuta zilitoka na fonti hiyo, kwa sababu programu ya Microsoft Word ilikuwa ikianza nayo yenyewe bila kuulizwa.

Kuna zile zisizo na vijiguu, zimesimama pekupeku. Helvetica ilitoka Uswisi mwaka 1957. Arial ilichorwa mwaka 1982 kwa kampuni ya Monotype ya Uingereza. Hizi mbili zinafanana kama mapacha, na watu wengi wanazichanganya. Lakini tazameni herufi t ndogo: kwenye Arial kichwa chake kimekatwa mshazari, kama mti uliokatwa kwa panga; kwenye Helvetica kimekatwa sawasawa. Tazameni R kubwa nayo: mguu wa Arial unatoka mshazari moja kwa moja, wa Helvetica unashuka karibu wima na kupinda kidogo mwishoni.

Kuna pia herufi za mashine ya taipu. Hizo hata mtoto atazijua. Kwenye mashine nyingi za zamani kila herufi ilipewa nafasi sawa, i nyembamba na m nene zote kipimo kimoja, kwa hiyo maneno yanaonekana yameachana-achana. Mkiwa na vyeti vya vikundi vya miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990 ndani ya masanduku, leteni mkutano ujao tuvitazame. Vingi mtaona ni taipu. Ndiyo maana mtu akileta karatasi ya 1985 yenye herufi laini za kompyuta ya nyumbani, ni lazima umuulize maswali.

PICHA KWANZA

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mashine ya mtandaoni haioni karatasi yako, inaona picha yako. Ukiipa picha mbaya itakupa jibu baya, na halitakuwa kosa lake.

Msipige picha juani. Hapa Eliye saa sita mchana karatasi nyeupe inawaka mpaka herufi zinameza mwanga na kukonda. Nendeni kivulini, lakini si kivuli cha majani ya mkoma, maana kile kina mistari-mistari. Ukuta wa nyumba ni mzuri zaidi. Karatasi ilazwe juu ya kitu kigumu, ibanwe kwa mawe pembe nne kwa sababu ya upepo. Simu iwe juu yake sawasawa, isilale upande. Ukipiga kwa upande, herufi za karibu zinanenepa na za mbali zinakonda, na utakapotaka kuzilinganisha baadaye hazitakubali kulala pamoja. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa. Mafuta ya samaki yakikaa pale kila kitu kinakuwa na ukungu.

Halafu kata picha ubakishe mstari mmoja tu. Chagua mstari wenye herufi zenye tabia: a, g, t, R, Q, G, na nambari 1. Herufi kama l au o hazisemi mengi, maana karibu kila fonti inazichora namna moja.

Kukata mstari mmoja kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Msipandishe mtandaoni barua nzima yenye nambari za vitambulisho, nambari ya akaunti, majina ya wanachama na sahihi zenu. Anayetafuta jina la fonti hahitaji kujua nambari ya kitambulisho cha mweka hazina. Mstari mmoja watosha.

Mtandao ukiwa mbaya, na hapa kwetu mara nyingi ni mbaya, pigeni picha nyumbani na kutafuta mfanye mkifika Lodwar. Picha haiozi.

KUULIZA MTANDAO

Ziko tovuti kadhaa zinazofanya kazi hii bila malipo. Tutataja tatu tu.

Ya kwanza ni WhatTheFont, ya duka la fonti linaloitwa MyFonts. Unapandisha picha, unavuta kisanduku juu ya mstari unaoutaka, unabonyeza, inakuletea orodha ya fonti zinazofanana. Ni ya haraka. Lakini kumbukeni ni ya duka: inakuonyesha bidhaa zilizo katika duka lake. Ukimuuliza mwenye duka la nguo shati hili limetoka wapi, atakuonyesha mashati yake. Si uongo, ndiyo biashara.

Ya pili ni Matcherator, ya tovuti ya Font Squirrel. Inafanya kazi kwa njia ileile ya picha. Font Squirrel wenyewe wanajulikana kwa fonti zisizolipiwa, kwa hiyo ni mahali pazuri pa mtu asiye na fedha kuangalia.

Ya tatu ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, Identifont. Hii haitaki picha. Inakuuliza maswali, kama mzee anavyomhoji kijana aliyepoteza mbuzi: Herufi zina vijiguu? Mkia wa Q unakata duara au unagusa tu? Kichwa cha nambari 4 kimefunguka au kimefungwa? Unajibu moja, inapunguza kundi. Unajibu jingine, inapunguza tena, mpaka zinabaki chache. Usipojua unasema hujui, unaendelea. Inafaa sana kwa mtu mwenye karatasi iliyokunjika au picha yenye ukungu, na haili bando nyingi.

Sasa, cheti chetu. WhatTheFont ilituletea orodha ndefu ya ndugu na binamu, lakini tulipozikuza moja moja hakuna iliyokaa vizuri. Vijana wakataka kukata tamaa. Tukaenda kwa maswali ya Identifont, mama karani akitazama cheti na kijana akibonyeza. Mwishoni likatokea jina Calibri. Tukaikuza. Miisho ya mistari yake haikukatwa kwa pembe kali, imeviringwa kidogo kama ncha za fimbo iliyozoeleka mkononi. Cheti nacho, tulipokikuza, kilikuwa hivyohivyo.

Msikubali jina kwa sababu mashine imelisema. Mashine inakisia. Tulifika kwenye saiba, tukamwomba kijana wa pale aandike maneno yaleyale ya mstari wa cheti kwa Calibri, avute mpaka urefu wa mstari ulingane na picha yetu, kisha achapishe karatasi mbili, moja ya picha na moja ya maandishi yake. Tukazipandanisha, tukaziinua dirishani kwenye mwanga. Mstari ulilala juu ya mstari, herufi kwa herufi, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Tukajaribu na Arial kwa urefu uleule: neno la tatu tayari lilikuwa limekimbia pembeni. Kazi yote iligharimu bei ya karatasi chache.

FONTI KAMA SHAHIDI

Sasa mtauliza, Calibri, halafu? Hapa ndipo nyayo zinapoelekea nyumbani kwa mtu.

Calibri ilichorwa na Mholanzi aitwaye Lucas de Groot kwa kazi ya Microsoft. Watu wa kawaida waliipata pamoja na Windows Vista na Office 2007, ambazo zilianza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Ni kutoka hapo Word ilipoacha kuanza na Times New Roman na kuanza na Calibri. Sasa cheti "kilichochapwa siku ileile" Juni 2003 kimevaaje nguo iliyofika sokoni 2007?

Tukampigia yule bwana wa pikipiki. Tulizungumza naye kwa heshima. Tukamuuliza tena cheti kilichapwa lini. Akasema 2003, yeye mwenyewe alikuwepo. Tukamwambia tunalo swali dogo kuhusu herufi zake. Kukawa kimya, halafu simu ikakatika, na tangu hapo nambari ile haikupatikana tena. Kesho yake tukapeleka barua kwa ofisi ya maendeleo ya jamii mjini, wakatuambia shirika hilo hawalijui. Hatukutuma hata senti.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Fonti hiihii ilitikisa nchi ya Pakistani mwaka 2017. Familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif ilikuwa inachunguzwa kuhusu nyumba za London, na binti yake Maryam alikuwa ametoa hati zenye tarehe ya Februari 2006. Mtaalamu wa maandishi wa London alipozipima akasema zimeandikwa kwa Calibri, ambayo wakati huo haikuwa imetolewa kwa umma. Watu wakaanza kubishana juu ya fonti sokoni na kwenye mabasi, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kulisikia neno hilo.

Lakini tusikilizane vizuri, tusije tukaondoka hapa tukiwa wapelelezi wa uongo. Mahakama Kuu Kabisa ya Pakistani ilimwondoa Waziri Mkuu Julai 2017 kwa sababu nyingine, mshahara ambao hakuutangaza. Binti alihukumiwa mwaka 2018, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Islamabad ikamwachilia. Na kuhusu Calibri yenyewe kulikuwa na hoja: toleo la majaribio lilikuwa limeshafika kwa mafundi wachache kabla ya 2007. Kwa hiyo fonti ni shahidi, tena shahidi mmoja. Haijawahi kuwa hakimu.

Huko Marekani nako, mwaka 2004, televisheni ya CBS ilionyesha karatasi zilizosemwa ni za miaka ya 1972 na 1973, kuhusu utumishi wa Rais Bush jeshini. Watu wakaona herufi zake haziendi kama za taipu ya ofisi ya wakati ule. Mmoja akaandika maneno yaleyale kwenye Word bila kubadilisha chochote, akapandanisha, yakalala sawa. Ni njia ileile tuliyofanya sisi dirishani. Siku chache baadaye kituo kikakiri kuwa hakiwezi kuthibitisha karatasi zile na kikaomba radhi.

Mzee mmoja ametuuliza tulipokuwa tukinywa chai: je, kila karatasi yenye herufi za baadaye ni ya uongo? Hapana, mzee. Swali zuri sana, na ni afadhali liulizwe leo kuliko mtu mwema aitwe mwizi kesho. Kuna karatasi iliyoandikwa 2003, ikapotea au ikaliwa na mchwa, na karani akaichapa upya mwaka 2010 akaacha tarehe ya zamani. Hiyo ni nakala iliyoandikwa upya, na inatakiwa iseme hivyo. Kuna tena faili ya zamani inayofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile. Kompyuta inachukua nyingine inayokaribiana na kuiweka bila kukuambia. Ukifungua kazi ya Times New Roman kwenye LibreOffice, kama mashine haina fonti hiyo, itaweka Liberation Serif. Badala ya Calibri itaweka Carlito. Kwa hiyo unapouliza, uliza kwanza: hii ni karatasi yenyewe au imechapishwa baadaye? Yule bwana wetu alijifunga mwenyewe aliposema ndicho chenyewe, si nakala.

Mwaka mwingine wa kukumbuka ni 2023. Microsoft iliiacha Calibri na kuanza kutumia fonti mpya, Aptos. Kabla ya kupewa jina hilo iliitwa Bierstadt, na ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2021. Mtu akileta makubaliano ya ardhi ya mwaka 2014, anasema wazee walitia kidole siku ile, na herufi ni Aptos, mna haki ya kumwambia akae kwanza. Tunasema ardhi kwa makusudi. Tangu sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, karatasi zinazosema "jamii ilikubali" zina uzito mkubwa, na huku kwetu wengi waliotia kidole hawakusoma. Karatasi kama hiyo msibishane nayo chini ya mti. Pigeni picha, andikeni tarehe mliyoiona, mpeleke kwa wakili au kwa ofisi ya ardhi, na neno la fonti liwe moja kati ya mengi mtakayoyasema.

LEBO ZA VIKAPU NA MENGINE

Akina mama wengi hapa wamekuja kwa sababu ya lebo, wala hatujawasahau.

Fundi aliyetuchapia lebo za kwanza alifunga duka akahama na kompyuta yake, na mnunuzi anataka lebo iwe ileile anayoijua. Tulitumia njia hiyohiyo: picha ya lebo safi, mstari wenye jina la kikundi, tukatafuta. Fonti ikapatikana siku hiyohiyo, lakini ilikuwa ya kuuzwa. Tusizipakue za wizi, ndugu zetu. Fonti ni kazi ya mikono ya mtu, kama kikapu, na sisi tunaolia watu wakiiga mapambo yetu hatuwezi kumfanyia mwenzetu hivyo. Pia mafaili ya wizi huja na uchafu unaoharibu kompyuta.

Kuna njia ya katikati. Ziko fonti za bure kabisa, kwa ruhusa ya wenyewe, za kutumia hata kwenye biashara. Google Fonts imejaa hizo tangu 2010. Ukijua jina la fonti yako ya kulipia, unatafuta ndugu yake wa bure anayekaribiana naye. Sisi tulimpata, na mnunuzi hakuona tofauti. Aliona tu kwamba wino ni mweusi zaidi.

Tunawapendekezea pia fonti moja yenye jina la kwetu: Andika. Ndiyo, Andika, neno la Kiswahili. Imetengenezwa na SIL, wale wanaoshughulika na lugha na tafsiri za Biblia, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Herufi zake ni wazi, hazichanganyani. Madarasa ya watu wazima yanayochapa vitabu vyao wenyewe yaijaribu. Ni ya bure.

Na hili linawahusu ndugu zetu wa Kakuma. Kambi ile tangu 1992 imekaa watu wa lugha nyingi, na mnapochapa tangazo la kikundi mnaona visanduku vitupu mahali pa herufi. Wanaoandika Kiturkana kwa ŋ wameliona hilo. Wadinka wana ŋ, ɛ, ɔ na ɣ, wameliona zaidi. Maana yake si kwamba umekosea kuandika. Fonti uliyochagua haina herufi hiyo, basi. Andika inazo. Fonti za Noto za Google nazo zilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilohilo, mpaka herufi za Kihabeshi na za Kiarabu zimo. Lakini zile tovuti za kutafuta majina zimetengenezwa hasa kwa herufi za Kilatini. Ukizipa picha ya Kiamhari msishangae zikijibu upuuzi.

Vilevile msizipe kibao cha duka kilichopakwa kwa mkono. Kijana mmoja alipiga picha kibao cha kinyozi Lodwar, akatafuta, akaletewa fonti thelathini na hakuna hata moja iliyo yake. Tazameni kibao hicho: kina a tatu na zote ni tofauti. Fonti ya kompyuta a zake kwa kawaida ni moja. Kile ni mkono wa mchoraji, na anayetaka herufi zile amtafute mchoraji mwenyewe amlipe.

Sasa Mwenyekiti anatuonyesha saa, na samaki wameshawekwa motoni. Vikundi vinavyotaka lebo mpya vimpe katibu jina la kikundi lililoandikwa wazi, pamoja na lebo moja ya zamani isiyokunjika, kabla hatujaondoka. Mama karani atakaa pale karibu na chemchemi baada ya chakula. Mwenye barua anayoitilia shaka ampelekee ile karatasi yenyewe, si picha ya picha.